Kwa Meli ya Pwani Hadi Ncha ya Norwei

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimevuka kwenda Pemba kwa jahazi na kwa boti, na bahari niliyoizoea ni ya maji ya kijani, yanayokupwa mpaka wanawake watembee kwa miguu kutafuta pweza. Bahari inayoingia chini ya majabali ya mita elfu moja na zaidi nilikuwa nikiisoma tu vitabuni, na sikuwa nimewahi kulala ndani ya meli kubwa. Kiangazi cha Ulaya kilipoingia nilipanda meli Bergen, kusini-magharibi mwa Norwei, nikashuka karibu na ncha ya kaskazini ya bara hilo. Njia hiyo nataka kuwapitisha wasomaji kituo kwa kituo, kwani niliyoyaona huko yanastahili kuonwa na wengine.

Sikuchagua jumba linaloelea lenye mabwawa ya kuogelea na kumbi za michezo. Nilipanda meli ya pwani, ile ambayo wenyeji wenyewe huitumia. Inagusa bandari 34 kati ya Bergen na Kirkenes, mji ulio jirani na mpaka wa Urusi. Ndani yake wamo watalii, ila wamo pia mabibi wanaokwenda kuwaona wajukuu, na chini kuna shehena za samaki, vipuri na vyakula.

Huduma hiyo ilianzishwa na Kapteni Richard With. Tarehe 2 Julai 1893 meli yake Vesteraalen iling'oa nanga Trondheim kuelekea Hammerfest. Kabla ya hapo, barua kati ya miji hiyo miwili iliweza kuchukua wiki tatu wakati wa kiangazi, na hadi miezi mitano wakati wa baridi. Watu walimwona mwendawazimu kutaka kusafiri usiku wa giza la Kaskazini kati ya miamba mingi yenye taa chache tu. Yeye alikuwa ameandika kila mwendo kwa dira na saa: elekea huku kwa dakika kadhaa, kisha geuza. Tangu hapo barua ikafika kwa siku saba.

Bergen

Bergen hupata mvua zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na siku niliyofika haikuwa na tofauti. Mji umekaa kati ya milima na bandari, na uso wake ni Bryggen, safu ya nyumba za mbao zenye mapaa yaliyochongoka, nyekundu, nyeupe na rangi ya haradali, zilizoegemeana kwa uzee. Wafanyabiashara wa Kijerumani wa Shirikisho la Hansa waliweka ofisi yao hapa katika karne ya 14. Waliingiza nafaka kutoka kusini, wakachukua samaki wakavu walioletwa na mashua kutoka kaskazini. Moto wa mwaka 1702 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, lakini watu walijenga upya juu ya misingi ileile, na mwaka 1979 UNESCO ikaiingiza Bryggen katika Urithi wa Dunia.

Niliingia kwenye kichochoro kati ya nyumba mbili. Chini ni mbao, kuta ni mbao, ngazi na roshani juu ya kichwa ni mbao, na mvua ilipolowesha vyote harufu ya lami ikatoka. Kwa kuogopa moto, ndani ya maghala haya hapakuruhusiwa kuwasha chochote. Makarani na vijana waliotumwa kujifunza kazi walipitisha majira ya baridi bila moto wala ndoa, maana kuoa nako walikatazwa wakiwa Bergen. Kujipasha joto na kula chakula cha moto walikwenda kwenye kumbi maalumu nyuma ya nyumba. Mchana huo nilikunywa supu ya samaki ya Bergen, nyeupe kwa malai, yenye karoti na siki kidogo, nikamwelewa kijana wa Kijerumani wa enzi hizo aliyeisubiri siku nzima vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Jioni kamba zikafunguliwa. Usiku wangu wa kwanza baharini ulikwenda vizuri hadi karibu na alfajiri, tulipozunguka rasi ya Stad. Sehemu kubwa ya njia hii imekingwa na visiwa, lakini Stad haina kinga. Bahari ya wazi ilitupokea kwa mawimbi marefu, mazito, yanayoinua meli nzima polepole na kuishusha. Nilipanda sitahani nikashika reli. Wenyeji waliendelea kunywa kahawa yao bila kuinua macho.

Ålesund na Geiranger

Asubuhi tulitia nanga Ålesund, mji uliojengwa juu ya visiwa. Tarehe 23 Januari 1904 moto uliteketeza takriban nyumba 850 katika usiku mmoja wa upepo. Watu wapatao 10,000 walibaki bila makazi, lakini aliyekufa ni mmoja tu. Ilipofika 1907 mji ulikuwa umekwisha kusimama tena, safari hii kwa mawe na matofali, kwa mtindo uliokuwa ukipendwa Ulaya wakati huo: minara midogo, madirisha ya mviringo, kuta zilizochongwa majani na maua. Kwa uzuri wake mtu hawezi kudhani ulijengwa kwa haraka na watu waliokuwa wamepoteza kila kitu.

Mchana meli iliacha bahari ikaingia ndani ya nchi. Fiordi ni bonde lililochimbwa na barafu. Katika enzi za barafu, mito ya barafu yenye unene wa mamia ya mita ilijikokota kutoka milimani ikikwangua mwamba, na ilipoyeyuka, bahari ikajaza nafasi. Ndiyo maana meli kubwa huweza kwenda makumi ya kilomita barani na kupita kando kabisa ya jabali bila kugusa mwamba chini.

Fiordi ya Geiranger ina urefu wa kilomita 15. Kadiri tulivyoingia, ndivyo anga lilivyopungua. Theluji bado ilikuwa imelala juu ya vilele, na maji yake yalimwagika kila upande. Upande mmoja ni Dada Saba, michirizi saba inayoshuka sambamba. Mrefu zaidi huanguka mita 250. Ng'ambo yao ni mporomoko mmoja mnene uitwao Mposaji, na wenyeji husema amewaposa wote saba na wote wamemkataa. Injini ilipopunguzwa, sauti ya maji ikajaa bonde zima.

Kilichonishika zaidi kilikuwa nyumba. Juu ya ukuta ule wa mawe, mahali pasipo hata njia ya mbuzi, kuna mashamba yaliyoachwa. Skageflå iko kama mita 250 juu ya maji, kwenye kipande cha ardhi ambacho nikitazama kwa darubini niliona nyasi zake na mapaa yake yaliyoota majani. Watu walifuga mbuzi hapo vizazi na vizazi, na husimuliwa kuwa watoto wadogo walifungwa kamba wanapocheza nje wasije wakaporomoka. Mkazi wa mwisho aliondoka mwaka 1916. Knivsflå, jirani na Dada Saba, liliachwa mwaka 1898 kwa sababu ya mwamba uliokuwa ukining'inia juu ya paa.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Tarehe 7 Aprili 1934 kipande cha mlima kilianguka katika fiordi ya Tafjord, si mbali na hapo, kikaamsha wimbi lililoua watu 40. Leo mlima wa Åkerneset una ufa unaopanuka, na vyombo vya kupimia huutazama mchana na usiku ili Geiranger na vijiji vingine viweze kuhamishwa kabla haujaporomoka. Mwenye duka kijijini aliniwekea mezani jibini ya kahawia ya maziwa ya mbuzi, tamu, iliyochemshwa mpaka sukari ya maziwa ikaungua kidogo. Nilimuuliza kama haogopi. Akajibu kuwa wazazi wake walizaliwa hapa na mlima ulikuwapo. Kisha akanikatia kipande kingine.

Mawe ya hadithi

Trondheim tulipita asubuhi ya kesho yake. Niliwahi kuona kanisa kuu la Nidaros, lililojengwa juu ya kaburi la Mfalme Olav aliyeuawa vitani Stiklestad mwaka 1030. Kwa karne nyingi mahujaji wamelifuata kwa miguu kupitia milimani.

Kutoka hapo kwenda juu, usiku haukuingia tena. Saa sita usiku niliweza kusoma gazeti sitahani, na abiria wengi walikataa kwenda kulala, kwa kuwa pwani hii ina hadithi moja ndefu na wahusika wake wamesimama njiani. Baharia mzee alitusimulia huku akionyesha kwa kidole.

Hestmannen, mwana wa mfalme wa Lofoten, alimwona msichana Lekamøya akioga na mabinti saba wa mfalme mwingine. Akapanda farasi akawakimbiza kuelekea kusini. Wale saba walichoka, wakajitupa chini. Lekamøya akaendelea kukimbia. Mpanda farasi alipoona hamfikii, akafyatua mshale. Mfalme wa Sømna aliyekuwa akitazama akatupa kofia yake katikati, mshale ukaitoboa, msichana akaokoka. Wakati huohuo jua likachomoza, na wote wakageuka mawe.

Kofia ndiyo Torghatten, mlima wenye tundu lililopenya upande wa pili, lenye urefu wa mita 160. Wanajiolojia husema ni kazi ya barafu na mawimbi, enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko sasa. Tulipofika mkabala wake niliona anga jeupe kupitia katikati ya mwamba. Baadaye wakaja mabinti saba, vilele saba vilivyojipanga vikiwa na theluji mabegani. Karibu na Mzingo wa Aktiki alisimama Hestmannen mwenyewe, joho lake likiwa limejaa upepo. Kwenye kisiwa kidogo kuna sanamu ya tufe la dunia kuonyesha mstari huo. Meli ikapiga honi, na waliotaka wakamiminiwa upawa wa maji ya barafu shingoni, ndivyo desturi ilivyo kwa anayevuka mara ya kwanza.

Naamini hadithi ile ilifanya kazi ya ramani. Mtoto aliyeikariri akiwa amepakatwa na bibi alijua mfuatano wa milima kabla hajashika kasia, na katika ukungu kilele kimoja kikichomoza kilimwambia alipo.

Lofoten

Jioni ukuta ulitokea baharini. Kutoka Bodø tulivuka ghuba pana ya Vestfjorden, na mbele yetu vilele vya Lofoten vilisimama bega kwa bega, vyeusi, vikali, kana kwamba hakuna pa kutia nanga. Meli ilipokaribia, ukuta ukafunguka, ukatoa visiwa, bandari na vijumba vyekundu juu ya nguzo za mbao majini. Ni nyumba za wavuvi, na aina yake ni ya zamani: inasimuliwa kuwa Mfalme Øystein aliamuru za kwanza zijengwe katika eneo la Kabelvåg mnamo mwaka 1120, ili wavuvi wageni wasilale chini ya mashua zilizopinduliwa.

Waliowavuta wavuvi hao ni samaki aina ya torsk. Kila mwaka kuanzia Januari makundi makubwa huogelea kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga hapa, kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki huzuia bandari zisigande ingawa ziko kaskazini ya Mzingo wa Aktiki. Samaki hukatwa kichwa, hutolewa matumbo, hufungwa wawili wawili mikiani na kutundikwa kwenye majukwaa ya miti, bila chumvi, tangu Februari mpaka Mei. Baridi ni kali kiasi cha kuzuia nzi na si kali kiasi cha kugandisha nyama. Upepo humaliza kazi. Hubaki kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, mgumu kama ukuni, na huweza kukaa miaka. Kukata ndimi za samaki hao ni kazi ya watoto, na fedha ya mauzo ni yao.

Miezi ya uvuvi ilikuwa imekwisha, samaki wameshushwa, lakini kwenye majukwaa ya Svolvær vichwa vilikuwa bado vimening'inia kwa maelfu, vikigongana kwa upepo. Soko lake kubwa ni Nigeria, ambako hutiwa kwenye supu. Miili huenda Italia zaidi.

Nilikuwa gatini nikizungumza na nyumbani kwa simu, mwanamke mmoja mwenye mtoto akasimama akanisubiri nimalize.

"Mama, unatoka Tanzania? Nimesikia Kiswahili, nikasema huyu ni mtu wetu."

"Ndiyo, dada. Natoka Tanga. Na wewe?"

"Miye ni wa Bukavu. Niko na kazi ya samaki huku."

"Na baridi je?"

"Baridi mtu anazoea. Giza ya Desemba njo nguvu." Akacheka, akaonyesha vichwa vya samaki. "Bukavu tulikuwa tunakula makayabu, mama. Nimefika huku naona watu wanatia samaki chumvi, nikasema, kumbe ilikuwa inatoka huku!"

Tulisimama pale mpaka honi ya kwanza. Aliniambia mtoto wake alikata ndimi pamoja na wenzake wa shule msimu uliopita akajinunulia baiskeli. Yule mtoto, aliyekuwa akizungumza na mama yake kwa Kiswahili na kwa Kinorwei katika sentensi moja, aliniagiza nisilale, kwa sababu Trollfjord ilikuwa mbele.

Sikulala. Trollfjord ina urefu wa kilomita mbili hivi, na mlango wake una upana wa mita mia moja tu. Meli iliingia polepole, jabali kulia na jabali kushoto, karibu kiasi kwamba niliona mimea midogo na maji yakitiririka kwenye nyufa. Mwishoni mwa fiordi nahodha aliigeuza meli yote mahali pamoja, omo na tezi zikipishana na mwamba, huku abiria wote wakiwa kimya. Mahali hapa mwaka 1890 wavuvi wa mashua za makasia walipambana na meli za mvuke zilizokuwa zimeziba mlango ili zichukue samaki wote waliokuwa ndani. Johan Bojer aliliingiza pambano hilo katika riwaya yake Den siste viking ya mwaka 1921. Mvuvi wa ngalawa aliyewahi kuona meli kubwa ikikokota nyavu mbele ya ufuko wake hahitaji kuelezwa hasira ile.

Tromsø, Honningsvåg na Nordkapp

Tromsø ni mji wa chuo kikuu na wa wasafiri wa ncha. Hapa mwezi Juni 1928 Roald Amundsen alipanda ndege kwenda kumtafuta Mtaliano Umberto Nobile aliyepotea kwenye barafu, na Amundsen hakurudi. Kuanzia wiki ya tatu ya Mei hadi wiki ya tatu ya Julai jua halizami. Baadhi ya Waislamu waishio kule, kipindi hicho, hufuata saa za Makka, na mimi nikafanya hivyo. Nilisali isha ndani ya chumba changu jua likiwa limening'inia juu ya milima ya theluji.

Kisha miti ikakoma. Kisiwa cha Magerøya hakina msitu, ni mwamba, nyasi fupi na kundi la kulungu wa Aktiki wanaochungwa na Wasami, wenyeji wa asili wa nchi hii. Wanyama hao huletwa kisiwani majira ya kuchipua, na majira ya majani kupukutika huogelea wenyewe kurudi bara.

Nordkapp ni jabali la mita 307 linaloanguka moja kwa moja katika Bahari ya Aktiki. Rasi ya jirani, Knivskjellodden, imeingia kaskazini zaidi kidogo, lakini ni ya chini, na watu wamelipenda jabali. Mfalme Chulalongkorn wa Siam alifika mwaka 1907 akaacha herufi za jina lake kwenye jiwe. Nilisimama ukingoni kwa muda mrefu. Mbele hakuna kisiwa wala tanga, ni maji tu kuelekea Svalbard na barafu.

Hata hivyo nikiulizwa nilichokiona kikubwa katika safari yote, nitataja kanisa dogo jeupe la mbao lililoko Honningsvåg. Mwishoni mwa mwaka 1944 jeshi la Wajerumani, likirudi nyuma mbele ya Wasovieti, lilichoma karibu mkoa wote wa Finnmark: nyumba, magati, hospitali, hata vibanda vya kuanikia samaki, na kuwahamisha watu kwa nguvu. Waliokataa walijificha mapangoni katika baridi ile. Katika Honningsvåg nzima lilibaki kanisa hilo peke yake. Wakazi waliporudi mwaka uliofuata walilala ndani yake na kuoka mkate humo, wakatoka humo kwenda kujenga mji mwingine. Niliketi kwenye benchi lake la mbao nikatambua kuwa tangu Bergen nilikuwa nikitazama jambo moja. Bahari na jabali viliwanyima watu wa pwani hii karibu kila kitu, moto na vita vikawaongezea, na wao wakabaki, wakiunganishwa na meli inayopita.

Uzuri wa Norwei, kwa hiyo, siwezi kuutenga na utaratibu wake. Serikali hulipia huduma ya meli ya pwani ili hata kijiji kidogo kisiachwe, na hapo ndipo mgeni hupata kuona anavyoona mwenyeji. Tayari nchi hiyo imepitisha kanuni zinazozitaka meli za abiria zinazoingia fiordi za Urithi wa Dunia zisitoe moshi, ndogo kuanzia 2026 na kubwa kufikia 2032.

Sisi tuna Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja, Bagamoyo, Mafia na papa potwe wake, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, hadi Mikindani. Tuna mikoko ya Rufiji na magofu ya misikiti ya matumbawe, na tuna watu ambao barabara ya lami imewapita mbali. Pwani hiyo inastahili meli yake, inayobeba barua, mgonjwa, magunia ya karafuu na mgeni kwa pamoja. Nchi zetu zikitaka kuionyesha dunia bahari ya Waswahili, zianze kwa kuwapa Waswahili wenyewe chombo cha kusafiria, na mgeni atafutiwe nafasi humohumo.